Kiroba Kinapandaje?

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefika. Mgongo wote unauma. Kutoka Tinde hadi Kahama nimesimama. Konda alisema kiti kipo mbele, na mbele hakukuwa na kiti wala dalili ya kiti. Ng'ombe wakakatiza, dereva akakanyaga breki, sote tuliosimama tukaenda mbele kwa pamoja. Basi limeshasimama, miili yetu bado ina safari yake. Bibi mwenye kuku akaniangukia. "Nisamehe, mwanangu." Nikamwambia si kosa lako bibi, ni Newton huyo. Akauliza, "Newton ndiye dereva?"

Nimecheka hadi Katoro. Sasa sicheki. Mama hakusema kitu siku zote mbili nilizokaa nyumbani, kanishika mkono mlangoni wakati naondoka: "Mwambie mdogo wako nimeota Nyangalata." Basi. Mwaka 2015, kwenye mgodi huo, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Shinyanga nzima inawakumbuka hao watano. Mama anamkumbuka wa sita.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kidato cha Pili, kanuni ya tatu. Ubaoni: kila kani ina kani ya kuikabili, zinalingana, zinaelekea kinyume. Nyuma kabisa mkono ukanyooka. Ni yule kijana anayevuta viroba vya mawe kwa winchi mgodini wakati wa likizo, viganja vyake vinamsema.

"Madam, kama zinalingana, kiroba kinapandaje?"

Raha ya swali hilo! Nikafuta ubao wote, nikachora kiroba peke yake. Kamba inakivuta juu, dunia inakivuta chini. Hizo mbili ndizo za kiroba. Nacho kinaivuta kamba, sawa, lakini hiyo ni ya kamba, msiihesabu kwa kiroba. Kamba ikivuta kuzidi uzito, kinaanza kupanda na kasi inaongezeka. Zikishalingana, kinaendelea kupanda kwa kasi ileile.

Hapo wakakataa. Darasa zima. "Zikilingana kitasimama, madam!" Kusimama, na kwenda kwa kasi isiyobadilika kwenye mstari mmoja: kwa Newton yote mawili hayahitaji kani iliyozidi. Kaandika 1687, na hadi leo hakuna anayekubali saa tano asubuhi kwa tumbo tupu.

Kijana wa nyuma hakubisha. "Kweli. Kazi ni kukianzisha. Kikishakwenda, mkono unapumua."

Upimaji umekaribia. Huyo nisimwogopee.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Ofisini wanazungumzia mahindi na mpunga. Mimi nawaza udongo. Maji yakiingia, uzito unaongezeka na chembe haziumani tena sawasawa. Matimba ya kushikilia kuta za shimo ni yaleyale, mzigo mwingine.

Nimempigia mdogo wangu. Hapatikani. Tena. Hapatikani. Chini hakuna mtandao, najua. Najua, najua.

Saa mbili usiku kapiga mwenyewe. "Dada, leo hatukuzama. Msimamizi kafunga duara kwa ajili ya mvua." Simu haikuwa na chaji. Anacheka! Nimemgombeza, halafu nimekaa kitandani nikitetemeka. Uji umeungua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sikutaka kupiga hesabu. Nimepiga. Duara lao, shimo wanalochimba, lina kina cha mita 30. Jiwe likichomoka mdomoni, bila kusukumwa na mtu, linafika chini kwa sekunde mbili na nusu hivi. Kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Nimefunga daftari. Nimefungua tena.

Kiroba cha kilo 50. Kikining'inia tu, kamba inabeba nyutoni 490. Wakikikwapua kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde, inakuwa 590. Kamba ikilegea halafu ikanasa ghafla, sitaki hata kuandika. Kamba iliyobeba viroba asubuhi nzima inaweza kukatika kwa mshtuko mmoja.

Hesabu hainipi usingizi. Ila angalau nimejua pa kutazama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nyarugusu, mgodini kwa mdogo wangu. Makarasha ya kusaga mawe unayasikia kabla hujashuka kwenye bodaboda. Vumbi hadi kwenye kope. Nimesimama mbali na mdomo wa duara, yeye ndiye kaniamuru, na sauti ya kiutu uzima.

Nilitazama kamba. Inajizungushia kwenye gogo la winchi, na kuna mahali pamoja, urefu wa kiganja, nyuzi zimetoka nje. Kila kiroba kikipanda, pale panafika kwenye gogo, panapinda, panapita. Wao wanapiga soga. Mimi nahesabu mizunguko.

Nikamwambia: msianze kwa kukwapua, anzeni taratibu. "Dada, hilo tunalijua. Ukikwapua, mzee anakutukana hadi jioni." Na pale penye nyuzi? Akatazama pembeni. "Mwenye duara anasema mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi! Newton hana kanuni ya mwenye duara.

Na bado, alivyokuwa anazungusha ule mkono wa winchi, mpole, bila kuushtua hata mara moja. Fizikia alipata F. Nilijisikia fahari, na hasira juu yake.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama kapiga. "Umemwona?" Nimemwona. "Umemwambia?" Nimemwambia. "Wabeja, mwanangu." Hakuuliza amejibu nini.

Kesho Siku ya Nyerere, hakuna shule. Nakwenda Katoro kununua kamba. Mita 40, nene, si hizi za kufungia mizigo ya bodaboda. Pesa ya kitenge ipo. Atasema namwaibisha mbele ya wenzake. Aseme. Mwenye duara akiuliza imetoka wapi, aambiwe imetoka kwa madam wa fizikia, na ile ya zamani ikatwe vipande mbele yangu, isije ikarudi kazini Jumanne.

Majaribio ya kanuni ya pili bado sijasahihisha hata moja.