Jeki ya trela inayolia

Leo sina kodi ya kuwaonyesha. Nina jeki.

Mjomba wangu ana trekta huko Sirisia, kaunti ya Bungoma, pale miteremko ya Mlima Elgon inaposhuka kuelekea Malakisi. Januari na Februari hulimia watu mashamba kabla ya mvua za Machi. Miezi mingine huvuta trela la kubinua: mchanga, mawe, mahindi. Juzi alibadilishana trela na jirani, akapata kubwa zaidi, na tangu siku hiyo haidroliki ikawa inapiga kelele hadi kuku wanakimbia. Fundi mmoja akakata shauri kwamba pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Kwa mjomba, pampu hiyo maana yake ni kuuza ng'ombe wa maziwa, na karo ndiyo hiyo mlangoni.

Akanipigia simu kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta. (Kwetu ukijua kompyuta, basi unatengeneza pia redio, simu na pasi.) Nilimwambia mimi si fundi wa trekta. Lakini swali la kwanza ni lile lile ninalouliza programu inapokwama.

"Mjomba, inalia lini?"

"Inalia tu."

"Hapana mjomba, lini hasa?"

Nikamwomba dereva aandike kwenye daftari kila mara inapolia. Siku mbili baadaye daftari lilikuwa na mambo matatu. Trela likianza kuinuka, kimya. Likikaribia juu kabisa, pampu inatoa sauti ya kokoto ndani ya debe na jeki inaruka-ruka. Na kwenye mteremko ni mbaya kuliko kwenye uwanja ulio sawa.

Pampu iliyokwisha haichagui hivyo. Ingechoka tangu chini, na hasa penye mzigo mzito, yaani trela linapoanza kuinuka.

Haidroliki hutegemea jambo moja: oili haibanwi kwa urahisi, hewa inabanwa. Mapovu yakiingia kwenye pampu hupasuka kwa shinikizo, ndiyo hizo kokoto. Yakifika kwenye jeki yanabanwa na kuachia kama springi, ndiyo kule kuruka. Chujio likiziba sauti huwa nyingine: mluzi mwembamba, mfululizo, hasa asubuhi oili ikiwa baridi na nzito.

Sasa hewa inatoka wapi? Nikachukua tepu. Jeki ya trela la zamani ilikuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 7, hii mpya 10, zote zikinyooka mita 1. Piga hesabu: ya zamani inameza oili lita 3.85, hii lita 7.85. Na kwenye trekta nyingi za aina hii oili ya jeki ndiyo hiyo hiyo ya giaboksi. Kila trela likipanda, lita 4 zaidi zinahama kutoka tumboni mwa trekta. Iliyobaki, ukiegesha kwenye mteremko, inakimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu unavuta hewa.

Dereva alikuwa akipima oili kila asubuhi, tena vizuri, lakini trela likiwa chini. Tukaliinua likiwa tupu, tukakaza nguzo ya usalama, tukazima injini, tukapima: kijiti kikatoka kikavu. Oili tuliyotia kwenye chupa ya kioo ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ikasafika baada ya muda. Hiyo ni hewa. Ingebaki nyeupe ningeshuku maji.

Tukaongeza oili ya aina ile ile, kidogo kidogo, bila kupita kiasi cha ziada ambacho kitabu cha trekta kinaruhusu kwa jeki ya nje. Kisha tukainua na kushusha trela tupu mara kadhaa hadi hewa ikatoka. Kokoto kwisha! Msiingize kichwa chini ya trela lililoinuliwa bila nguzo, na msitafute paipu inayovuja kwa kidole. Oili yenye shinikizo hupenya ngozi. Tumieni kipande cha katoni.

Marekani kuna magari-nyumba yenye jeki za kuyasawazisha, na wenyewe hushtuliwa usiku na mlio wa "paa!" Huko mara nyingi si hewa. Baridi inaifanya oili isinyae, sili inang'ang'ania chuma kikavu kisha inaachia ghafla. Wanafuta chuma na kupulizia silikoni.

Kwa mjomba pini za jeki zilikuwa kavu pia, tundu la grisi limezibwa na udongo, tukalizibua. Mluzi kidogo wa asubuhi bado upo. Chujio jipya ameagiza Kitale, na ng'ombe bado anakamuliwa.