Alitoka au alitoroka?

GOMA – Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari yake ya sheria ya makosa, mwanafunzi huyu wa mwaka wa tatu kwenye chuo kikuu kimoja cha binafsi ameandika namba mbili: 48 na 15. Saa 48 ndizo ibara ya 18 ya Katiba inaruhusu mtu kushikiliwa kasho. Zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe kwa wanaohusika na sheria. Na tangu mwanzo ana haki ya kuelezwa kosa lake katika lugha anayoielewa, na kuwasiliana na jamaa au avoka. Jaji akikubali abaki gerezani kungoja kesi, kibali cha kwanza ni cha siku 15, kisha mwezi, na kinaweza kuongezwa.

Mdogo wake alikaa Munzenze miezi saba kwa sababu ya simu ya jirani. Jaji hakumwona hata siku moja.

Jamaa hii ilikimbia Masisi na kuishi kwenye kambi ya Bulengo. Mama aliuza sombe ili kulipa ada ya masomo kwa dola, kidogo kidogo. Alikuwa akisema, “Mwanangu, soma hiyo sheria umtoe ndugu yako.” Darasani binti alisoma sheria ya magereza ya tarehe 17 Septemba 1965, siku za kupeleka chakula alijionea magereza yenyewe. Wengi waliomo nchini mwetu hawajahukumiwa, na hali hiyo haikuletwa na vita hivi.

Tarehe 27 Januari 2025, M23 walipokuwa wakiingia mjini, wafungwa zaidi ya 4,000 walitoka Munzenze. Upande wa wanawake uliungua na wengi walikufa humo. Kijana alifika kambini usiku, miguu mitupu.

Mama anasema alitoka. Sheria inasema alitoroka. Yeye mwenyewe anauliza, “Yaya, sasa mimi ni mtu wa namna gani?”

Februari kambi ikabomolewa, watu wakaambiwa warudi kwao. Mabenki yalikuwa yamefungwa, na ada haikujua pa kupitia. Mama alipanda kwenda Masisi peke yake. Kijana alibaki, maana siku aliyokamatwa walimchukulia kadi ya uchaguzi, na bila kadi hakuna anayethubutu kupita barieri. Faili lake hakuna anayejua liko wapi. Jamaa imebaki na karatasi moja tu, ule mwito wa kwanza wenye tarehe. Dada yake ameufunga ndani ya plastiki pamoja na risiti za chuo.

Kazi yake ya kumaliza masomo inahusu watu wanaofungwa bila hukumu. Sura mbili zimekwisha. Ya tatu, kuhusu mtu ambaye gereza lilifunguka kabla jaji hajamwita, ina kichwa cha habari tu, na mwalimu anaisubiri.