Orodha Haina Macho

Mjukuu wangu alinifundisha programu ndogo iitwayo xargs, iliyozaliwa Bell Labs, Marekani, katika miaka ya 1970. Hupokea orodha ya majina, ikayakabidhi kwa amri uliyoichagua. Nami niliiandalia orodha ya mafaili ya kufutwa, mojawapo likiitwa “barua mbovu”. Kumbe kwa xargs nafasi kati ya maneno ni mwisho wa jina. Ikasoma mafaili mawili: “barua” na “mbovu”. “Mbovu” halikuwepo. “Barua” lilikuwepo, nilimonakili barua za wanafunzi wangu wa zamani. Likafutwa bila swali.

Mjukuu alicheka. Mimi nilikumbuka mwaka 1984, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilisoma mstarini orodha ya wanachuo wa kufukuzwa. Wawili walikuwa na jina moja; akaondoka asiye na kosa. Tulipogundua, tulimwandikia. Hakurudi.

Xargs ukiiongezea -p, hukuonyesha amri na kungoja uiridhie kwanza. Siku hizi siiachi. Ndugu msomaji, ningaliuliza swali moja tu asubuhi ile, huenda kijana yule angalikuwa mwalimu.