Maji Yanayogoma Kutoka

Mashine ya kuosha vyombo inapogoma kutoa maji haikupigii kelele. Unafungua mlango asubuhi ukitegemea sahani kavu, unakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yametulia chini, punje za wali zinaelea, na harufu inayokufanya uufunge tena haraka. Yetu ilianza mwezi Agosti, kwenye ile baridi kavu ya Johannesburg, na mtu wa kwanza kulaumiwa hakuwa hata anaishi ndani ya nyumba yetu.

Kwa wasiopajua, Bellevue ni mtaa wa zamani ulio mashariki mwa Yeoville. Barabara ya Raleigh ukiifuata inabadilika jina na kuwa Rockey ukishaingia kwetu. Nyumba nyingi ni za kale: kibaraza mbele, dari za bati la nakshi, na uani vyumba vya nyuma ambavyo zamani walilala watumishi. Siku hizi kila chumba ni kaya. Kwetu tuko kaya nne: sisi wa Tanga kwenye nyumba kubwa, kijana wa Malawi, mtu na mkewe wenyeji wa Limpopo, na mama mmoja wa Bukavu anayekaanga mandazi na samaki wa kuuza sokoni Yeoville.

Mashine tuliikuta. Imeandikwa kwenye mkataba pamoja na jiko na mapazia. Mama yangu alipokuja kututembelea aliitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyesalimia, na kwa upande mmoja alikuwa na haki: ukoko na mashine haviivi chungu kimoja, sufuria ya wali lazima uiloweke na uikwangue mwenyewe. Lakini nyumba yenye watoto watatu, na mimi nikirudi kazini saa moja usiku, sahani zikijiosha zenyewe ni saa nzima ya kukaa na watoto na madaftari yao.

Nilimwandikia mwenye nyumba. Jibu lilikuja baada ya dakika chache: tatizo ni mafuta ya yule mama wa nyuma, ama aache kupika ama ahame, na kama mashine imeharibika itakatwa kwenye amana yetu. Jioni hiyo hiyo jirani wa Limpopo alisimama uani akasema kwa sauti kwamba hawa watu wa Kongo watatuzibia nyumba nzima. Mama wa Bukavu alikuwa anaanua nguo. Akaja mlangoni kwangu.

"Dada, banasema ni mafuta yangu. Miye mafuta yangu naweka mu kidumu, simwangake mu bomba."

Nilimwamini, lakini kumwamini peke yake kusingemsaidia. Katika mji huu neno la uani linaweza kukua. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa nchini humu katika fujo za kuwashambulia wageni, na zile siku zilianzia Alexandra, si mbali na hapa. Mtu akishaitwa mchafu na wenzake, kinachofuata huwa chepesi.

Basi Jumamosi nikachomoa plagi ukutani, kwa kuwa maji na umeme si vitu vya kujaribia, nikakunja mikono. Kwanza nikakomba maji kwa kikombe na sifongo. Chujio lililo chini, chini ya ule mkono unaozunguka, linatoka kwa kuzungusha kushoto. Lilikuwa safi, kwa sababu binti yangu mkubwa huliosha kila Ijumaa. Chini yake kuna kishimo, na ndani ya kishimo yako mapanga madogo ya pampu. Nikayasukuma kwa kijiti: yanazunguka, hakuna kipande cha kioo, hakuna mbegu ya ndimu. Mpira wa kutolea maji haukuwa umejikunja nyuma ya mashine.

Kisha jaribio ambalo ningependa kila mpangaji alijue. Chomoa ule mpira pale unapoingia kwenye bomba la sinki, utie mdomo wake ndani ya ndoo, rudisha plagi, washa programu ya kutoa maji. Nilitia jagi moja la maji ndani ya mashine kwanza. Pampu ilinguruma, maji yakaruka ndooni kwa nguvu hadi yakamrukia mwanangu usoni, naye akaomba turudie. Maana yake mashine ni nzima. Maji yalikuwa yanasukumwa vizuri, yanafika kwenye bomba, yanakosa njia, yanarudi yalikotoka. Na kama kwenu mpira umelala chini chini, ufunge upande juu karibu na usawa wa meza ya sinki kabla ya kushuka kwenye bomba. Maji yatarudi kwa shida zaidi.

Nje ya ukuta wa jiko, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za hapa, bomba la sinki linamwaga kwenye kishimo chenye wavu wa chuma, na kutoka hapo maji machafu hupita chini ya ardhi hadi kwenye chemba. Kishimo kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Kwa sinki hatukuona haraka, kwa sababu tunafungua maji kidogo kidogo nayo yanapenya polepole. Mashine inamwaga lita kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Nikamwita kijana wa Malawi na mtaimbo wake tukafunua chemba, hatua kumi hivi kutoka jikoni. Ilikuwa karibu kavu. Hapo nikaenda kumgongea jirani wa Limpopo aje aone kwa macho yake. Bomba la vyumba vya nyuma, pamoja na la mama wa Bukavu, linaingia kwenye chemba hiyo hiyo kwa upande wa pili. Kama mafuta yake yangeziba, chemba ingekuwa imejaa, au bomba lake mwenyewe. Kilichoziba kilikuwa kati ya jiko letu na chemba, mahali ambapo hata tone la mafuta yake halipiti. Jirani alichuchumaa, akatazama tundu moja, akatazama la pili. Akaniuliza bomba letu linapita wapi. Nikamwonyesha: chini ya mjakaranda.

Jumatatu fundi bomba akaja na fimbo zake za kuunganisha. Alizisukuma kutoka kwenye chemba kwenda juu, akazungusha, akavuta, na kilichotoka kilifanana na rasta za mtu mzima: mizizi myembamba, mirefu kama mkono wangu, imeshonana na uchafu. Mabomba ya udongo ya zamani yameungwa vipande vipande, na mti ukinusa maji kwenye kiungo hauhitaji mwaliko. Nilipiga picha mizizi, chemba na risiti, nikamtumia mwenye nyumba bila neno la ukali.

Kuhusu amana, ndugu zangu mnaopanga Afrika Kusini: Sheria ya Nyumba za Kupangisha ya 1999 inataka mpangaji na mwenye nyumba wakague nyumba pamoja wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na amana iwekwe kwenye akaunti inayozaa faida. Kinachokatwa ni uharibifu wa mpangaji, na mti wa mwenye nyumba haumo. Mkishindwana, lipo Baraza la Nyumba za Kupangisha hapa Gauteng, na kupeleka malalamiko ni bure. Mimi sikufika huko. Alilipa fundi, na habari ya kumhamisha mama haikutajwa tena.

Jirani wa Limpopo hakuomba radhi. Fundi alisema mizizi itarudi baada ya miezi, hivyo tumekubaliana kufunua chemba kila mwanzo wa msimu. Mara ya mwisho yeye ndiye aliyeshika mtaimbo, mama wa Bukavu akashika taa.