Kisanduku Kilichonyamaza Ndani ya Motakaa



Katika nyumba nyingi za kwetu kipo kisanduku kidogo cha nyimbo, ambacho zamani kilipendwa sana na vijana, na sasa kimelala kabatini au kimetiwa katika motakaa ya mmoja wa jamaa. Siku moja hunyamaza. Hapo wenyewe husema, "Kimekufa," nao hukitupa. Au hukipeleka kwa fundi, naye hukifuta chote kilichomo apate kukijaribu. Sisi tunacho kimoja hapa Chiungutwa. Kilinyamaza mwaka jana wakati wa korosho, na kwa muda wa siku nne tulikaa kama watu waliofiwa mara ya pili. Habari yake twaieleza kwa urefu, maana tumesikia ya kuwa wengine wamepatwa na jambo hili hili, wala hawakupata mtu wa kuwaambia.

Chetu ni iPod ya mwaka 2005, yenye nafasi ya GB 30. Kampuni ya Apple ya Marekani ilianza kuuza vyombo hivi mwaka 2001, na mwaka 2022 ikaacha kabisa kuvitengeneza; basi kila kimoja kilichobaki duniani ni cha kale. Ndani ya hiki chetu mna kisahani kizungukacho, mfano wa santuri za babu zetu, ila hakina sindano ya kukigusa. Watu hutuuliza, "Je, katika njia zetu zenye mashimo, mbona nyimbo hazirukiruki?" Jawabu ni kwamba chombo husoma mbele yale yatakayoimbwa, huyaweka katika kumbukumbu isiyo na kitu cha kuzunguka, kisha kisahani hupumzika. Shimo likija, mara nyingi kisahani kimesimama. Aliyebuni jambo hilo alistahili kupandishwa Newala ndani ya lori la korosho, apate kujionea kazi yake.

Lakini thamani ya kisanduku hiki kwetu haiko katika ufundi wake. Katika miaka ya tisini mjomba wetu alimnasa sauti bibi yetu mzaa mama kwa kaseti, jioni baada ya jioni, barazani. Bibi alisimulia kwa Kiyao: kwanza hadithi za sungura, kisha majina ya watu wetu waliovuka Ruvuma, mama kwa mama, kama desturi yetu ilivyo ya kuhesabu ukoo kwa upande wa kike, na mwisho wimbo aliotulazia sisi sote tulipokuwa wachanga. Kaseti zile ziliingia ukungu. Kabla hazijaharibika, kijana mmoja wa nyumba yetu alikuwa amezinakili katika kompyuta alipokuwa chuoni, akazitia katika iPod yake. Kompyuta ile iliharibika, nayo haiko tena. Bibi naye amekwisha fariki. Hivyo sauti yake ilibaki mahali pamoja tu ulimwenguni, na mahali hapo palikuwa ndani ya motakaa ya mjomba, karibu na usukani, pamefungwa kwa mpira.

Motakaa ya mjomba, kama nyingi mzionazo njiani, ilitumiwa Japani kabla ya kuja kwetu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa njia kama sisi, kwa hiyo usukani wao hutufaa bila kubadilishwa. Redio zao, walakini, hazitufai hivyo. Masafa ya FM huhesabiwa kwa megahezi. Vituo vya Tanzania hutangaza kati ya 87.5 na 108. Lakini redio za motakaa zilizotengenezwa kwa soko la Japani husikia kati ya 76 na 90 tu, na zile mpya zaidi hufika 95. Mtu akinunua motakaa ya namna hiyo hushangaa, maana karibu vituo vyote vya kwetu viko juu ya kipimo cha redio yake.

Jambo hilo halikumsumbua mjomba hapo kwanza. Alikuwa na kirusha sauti, yaani kile kidude kidogo kinachochomekwa penye tundu la kuwashia sigara, chenye waya wa kuingia katika iPod. Kidude hicho ni kituo cha redio cha hatua chache tu: huichukua sauti ya kisanduku na kuirusha kwa FM, na redio ya motakaa huipokea kama inavyopokea kituo chochote. Mjomba alikitega penye 88.3, akaitega redio penye 88.3, akamsikiliza mama yake kutoka Chiungutwa hadi Masasi, na kutoka Masasi hadi nyumbani.

Msimu wa korosho ulipofika alitaka kusikia habari za minada. Akaenda kwa fundi mmoja, akatiliwa kibadili masafa, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Ni kijisanduku kinachofungwa nyuma ya redio, kati yake na waya wa antena, na kazi yake ni kuyateremsha masafa ya vituo vyetu mpaka yaingie katika kipimo cha Kijapani. Mjomba akarudi mwenye furaha, akisikia habari za Dar es Salaam na Mtwara kama watu wengine. Kesho yake akakiwasha kisanduku, akasikia mvumo mtupu kama wa mvua juu ya mabati.

Akabadili waya, asisikie kitu. Akakipeleka kwa fundi mwingine mjini. Fundi akakigeuzageuza, akasema, "Mzee, hiki kimechoka. Niachie nikifute, nikujazie nyimbo mpya elfu moja, bei ni ndogo."

Mjomba akamwuliza, "Na zilizomo?"

"Zilizomo zitakwenda, mzee. Lakini nitakutilia nzuri zaidi."

Twamshukuru Mungu kwamba mjomba si mwepesi wa kukubali. Alikifunga kisanduku katika leso, akaja nacho kwetu usiku, akakiweka mezani asikifungue. Akasema, "Wapwa zangu, mama amenyamaza."

Basi sikilizeni, ninyi mlio na vyombo kama hivi. Sauti itokayo katika kisanduku na kufika masikioni mwenu ndani ya motakaa hupita milango mingi: kisanduku chenyewe, tundu lake, waya, kirusha sauti, hewa, antena, redio, spika. Sauti ikikatika, mlango mmoja umefungwa, na mwenye hekima hujaribu mmoja mmoja. Sisi tulianza na ulio karibu zaidi na sauti. Tuliazima visikizio vya masikio kutoka kwa mwalimu jirani, tukavichomeka katika iPod, tukamvisha mjomba. Hatukumwuliza kitu. Tuliona uso wake tukajua.

Kwa hiyo kisanduku kilikuwa kizima, na ugonjwa ulikuwa mbele yake. Asubuhi tulikichomeka tena katika kirusha sauti, tukachukua redio ndogo ya mkononi iliyonunuliwa hapa nchini, tukaitega penye 88.3. Bibi akasema waziwazi. Waya basi ni mzima, na kirusha sauti ni kizima. Ikabaki redio ya motakaa, nayo vituo ilivipata vizuri sana. Hapo ndipo tulipouliza ni kitu gani kimebadilika tangu siku ile ya mwisho bibi aliposikika, na jawabu lilikuwa moja tu.

Kibadili masafa hakichagui. Kila kinachoingia kwa antena hukiteremsha, kiwe kituo cha Dar es Salaam au kidude cha tundu la sigara. Vibadili vya namna hii hutofautiana: vingine huteremsha kwa 12, vingine 14, vingine 16, 18, hata 20. Namba huandikwa juu yake, lakini kimefungwa nyuma ya redio, nasi hatukutaka kubomoa. Yako maarifa mepesi. Tafuta kituo ambacho wajua namba yake ya kweli, maana chenyewe huitaja kila mara. Kisha tazama redio ya motakaa inaonyesha namba gani kinaposikika. Toa ndogo katika kubwa. Kituo cha 98.5 kikisikika penye 84.5, tofauti ni 14. Ndivyo ilivyokuwa kwa motakaa ya mjomba. Walimu watawapa watoto hesabu ile waifanye wenyewe: 88.3 ukitoa 14 ni 74.3, na redio ya Kijapani huanza 76. Bibi alikuwa akisema siku zote nne, lakini chini ya sakafu ya redio.

Tulikipandisha kirusha sauti hadi 100.3, tukaitega redio penye 86.3. Mjomba aliizima injini apate kusikia vizuri, akakaa ndani ya motakaa hata chai ikapoa.

Wenye redio ya Kijapani isiyo na kibadili, na watege kati ya 87.5 na 90, au hadi 95 kwa zile mpya zaidi, maana hapo tu ndipo kidude na redio hukutana. Na popote mtakapotega, tafuteni mahali patupu pasipo kituo. Panapofaa kijijini huenda pasifae mjini, kwa kuwa kituo chenye mnara hukishinda kidude chenu kama ngoma ishindavyo filimbi.

Yako na makosa mengine tuliyoyaona tangu hapo, maana habari ilienea na watu wakaanza kutuletea visanduku vyao. Kijana mmoja alileta chake akidai hakiwaki. Kumbe kile kitelezi cha juu, kinachofunga vitufe visibonyezwe mfukoni, kilikuwa kimesukumwa. Kingine kiliganda, kikionyesha wimbo ule ule bila kusogea. Kwa iPod yenye gurudumu la kugusa kama yetu, sukuma kitelezi kile upande mmoja na kukirudisha, kisha bonyeza pamoja neno Menu na kitufe cha katikati, ushikilie kwa sekunde kama nane, hata alama ya tofaa itokee. Tendo hilo hukiamsha tu, halifuti kitu. Sauti ikitoka upande mmoja wa spika, mara nyingi ni plagi isiyoingia mpaka mwisho, kwa sababu ya vumbi na nyuzi za mfuko zilizojaa tunduni. Safisheni kwa kijiti kikavu cha pamba, polepole, wala msitie maji wala mate. Tumewaona watu wakitia mate.

Dereva mwingine alikuwa na redio yenye tundu la waya, naye alilalamika kwamba sauti hupiga mluzi, na mluzi hupanda kila akanyagapo mafuta. Huo si mluzi wa kisanduku. Ni umeme wa altaneta unaopenya kwa kuwa alikuwa akichaji kisanduku na kusikiliza kwa waya wakati mmoja. Akichomoa chaja, mluzi huisha. Na wenye malori wajihadhari: motakaa ndogo hutumia volti 12, lakini malori mengi ni volti 24, na chaja isiyoandikwa kwamba yastahimili zote mbili yaweza kuungua pamoja na kilichochomekwa.

Tena kuna jua. Watengenezaji walisema iPod itumiwe pasipozidi nyuzi 35 za joto, na ndani ya motakaa iliyofungwa vioo saa saba mchana joto hupita hapo mbali. Betri ya namna ile ikipata joto mara nyingi huchoka upesi, na nyingine huvimba. Mkiona mgongo wa kisanduku umeanza kuinuka, msikichaji tena, wala asitokee mtu wa kuitoboa betri, kwa kuwa huweza kuwaka moto.

Kisanduku kikiwa salama, tulipanda kwenda Masasi kwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta ili tukinakili. Hapo pana mtego, nasi twautaja kwa sauti kubwa. Kompyuta isiyokijua kisanduku, ikiwa na programu yake ya nyimbo, huweza kuuliza kama ifute vilivyomo na kuweka vyake. Jibu ni hapana. Mlango wa kupitia ni mwingine: kisanduku hufunguliwa kama fleshi, na kompyuta huamriwa ionyeshe mafolda yaliyofichwa. Ndani ya folda iitwayo iPod_Control mna nyingine iitwayo Music, na humo faili zote zimo. Majina yake hayafahamiki, ni herufi nne nne tu zisizo na maana, lakini ukifungua moja husikika.

Tulizinakili zote mara mbili. Nakala moja anayo mwalimu, na moja anayo mamdogo Newala, ndani ya kopo la chai lililokauka. Tangu hapo, Jumamosi jioni, sisi na watoto husikiliza faili moja moja na kuandika katika daftari: hii ni hadithi ya sungura na fisi, hii ni majina, hii ni wimbo. Imebaki moja yenye ubishi. Katikati ya hadithi mwanamke mwingine anacheka nyuma ya bibi, kicheko kirefu. Mjomba ashikilia kwamba ni dada yake, marehemu mama yetu. Mamdogo asema sivyo, huyo ni jirani aliyekuja kuazima kinu. Katika daftari, mbele ya faili ile, yameandikwa majina mawili.