Bustani ya Nesi, Sehemu ya 6: Kama Nilikupa Kijiti, Soma Mpaka Mwisho

Najua niliahidi kwamba sehemu ya 6 ingekuwa ya waridi, na kuna watu wameshanunua samadi wakisubiri. Waridi litasubiri wiki moja. Leo nina kosa la kusahihisha, na kosa lenyewe nililigawa kwa mikono yangu mwenyewe huku natabasamu.

Wageni mmekuwa wengi, kwa hiyo nianze mbali kidogo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia nyumba ambayo ikifika jioni mama anatoka uani na kisahani, anachuma asumini zikiwa bado vitumba, anaziweka karibu na kitanda. Usiku zinafunguka zenyewe, chumba kizima kinanukia mpaka alfajiri. Kukiwa na harusi, asumini, mrihani na mkadi vinafungwa kikuba, mtu anavaa. Kwetu ua la kuangalia tu halina heshima sana. Ua linuke bwana.

Nilipopangiwa kazi Mbeya, mama alinipa miche miwili, asumini na mlangilangi, akanifungia kwenye mfuko na udongo wake. Tulipopanda Kitonga na basi nikaanza kusikia baridi ya mguu. Nikavua kanga nikaivika miche, mimi nikabaki natetemeka. Abiria wa pembeni akaniuliza kama ni dawa.

Mlangilangi ulikufa Julai yake ya kwanza. Sikuwa na la kufanya. Ule ni mti wa joto la bahari, ndiyo maana Wakomoro wanaulima kwa ajili ya mafuta ya manukato, na sisi hapa Soweto tuko juu ya mita 1,600, usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Ulianza kupukutisha jani moja moja, kisha ncha ikawa nyeusi, basi. Sikumwambia mama mwaka mzima.

Asumini ilipona kwa sababu ya ukuta. Nilishaeleza sehemu ya 2 lakini narudia, maana kila wiki naulizwa. Jua letu la kipupwe linalala kaskazini. Kwa hiyo ndoo yako ya asumini iweke kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sisi wa Soweto ni upande wa Loleza. Ukuta unakunywa jua mchana, usiku unalirudisha polepole. Toboa ndoo chini, matundu ya kutosha. Udongo, samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga, hizo hapa Mbeya hazina shida kupata. Juni mpaka Agosti mwagilia kidogo sana, asubuhi, na ukiona kumekucha na ukungu mweupe, ndoo ilale ndani. Ikimaliza kuchanua kata ncha, kwa sababu maua yanakuja kwenye machipukizi mapya. Mwaka wa kwanza sikupata hata ua moja. Wa pili nikapata manne. Nililia kwa manne hayo, msinicheke.

Sasa, katikati ya hiyo njaa ya harufu, ndipo nikakutana na mti wa tarumbeta.

Mnaujua wote. Kila mtaa wa Mbeya upo, na Iringa upo, na Tukuyu usiseme. Mti laini, majani makubwa, maua marefu yananing'inia kichwa chini kama tarumbeta, meupe au rangi ya pichi. Mchana haunuki sana. Jua likizama, jamani! Mama mwenye nyumba wangu anao mmoja kwenye kona ya uzio, umepita dirisha langu. Nikirudi zamu ya jioni, kabla sijafika getini nilikuwa nausikia. Nikajiambia Mungu amenionea huruma, kaninyima mlangilangi kanipa huu. Na haufi! Kwao ni milima ya Andes kule Amerika Kusini, baridi ya Mbeya kwake ni ya kawaida. Tena kule porini hauonekani tena, upo duniani kwa sababu watu wanaupanda. Unakata kijiti, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, kimeshika.

Ndipo nikaandika ile sehemu ya 3. Nikausifia. Nikasema anayetaka kijiti aje, bure. Waliokuja nikawapa vijiti 11.

Neno moja kuhusu sumu yake sikuandika. Na nilikuwa najua! Yaani nilikuwa najua kwa namna ile ya kitabuni, kwamba ni ndugu wa mnanaha, ule wenye matunda ya miiba unaoota majalalani. Ila nilikuwa nimeuweka kwenye kichwa cha bustani, siyo kichwa cha kazi. Sijui kama mnanielewa. Mtu anaweza kuwa na vichwa viwili na visisalimiane.

Visalimiane vilikuja kusalimiana usiku mmoja wa Septemba.

Ilikuwa Jumapili. Mchana nilipogoa ule mti kwa ajili ya kuupunguza kabla ya mvua, mikono mitupu, maji yake yananitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Jasho likaniingia jichoni, nikafuta. Nikanawa harakaharaka, nikala, nikalala kidogo, nikaenda zamu ya usiku.

Kwenye saa tano nikaona namba kwenye sirinji zina ukungu. Nikasogeza mbali, zikaonekana. Nikasogeza karibu, ukungu. Taa ya wodini ikawa inanichoma jicho la kulia. Nikaenda kwenye kioo cha chooni. Mboni ya kushoto ilikuwa ya kawaida. Ya kulia ilikuwa imefunguka mpaka rangi ya jicho imebaki duara jembamba kama uzi. Nikamulika tochi. Haikubana.

Ndugu zangu wa afya mnajua tunachofundishwa kuhusu mboni moja kupanuka ghafla. Kwa msiojua: jambo la kwanza linalokuja ni kichwa, damu kuvuja au kitu kukandamiza ubongo. Baba yangu aliondoka kwa kiharusi. Nilikaa kwenye kile choo nikamwandikia dada yangu ujumbe wenye namba ya siri ya simu yangu na mahali ilipo bima ya watoto. Kisha nikatoka, nikamkabidhi mwenzangu funguo za dawa, nikamwambia, "Dada, mimi siko sawa, nichukue kama mgonjwa."

Daktari wa zamu alikuwa kijana tu. Akanipima presha, akanishikisha vidole, akanitembeza kwenye mstari. Kichwa hakiumi, mikono ina nguvu, kope haijashuka. Tayari tulikuwa tunaongea habari ya kipimo cha CT scan. Akasita, akaniuliza, "Sista, leo mchana ulishika nini?"

Nikamwambia sijashika kitu, nilikuwa nyumbani napogoa maua.

"Maua gani?"

Nilipoanza tu kueleza nikajisikia natamka. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Niwaeleze vizuri hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Sisi tunaofanya kazi mikoa ya viazi na nyanya tunapokea sana watu wa sumu ya wadudu, waliopulizia bila kujikinga au waliokunywa. Anakuja mate yanatiririka, jasho, kifua kimejaa maji, mboni zimebana kama ncha ya sindano. Dawa tunayochoma ni atropini. Tunachoma, tunangoja, tunachoma tena, mpaka kifua kikauke. Ukizidisha, mgonjwa anakuwa wa moto, mdomo mkavu, moyo mbio, mboni zinapanuka, anaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Sasa ule mti wenye harufu ya peponi umejaa atropini na ndugu yake skopolamini, jani, ua, mbegu, mzizi, na yale maji niliyojipaka jichoni. Dawa ambayo wodini naipima kwa sirinji na kuiandika kwenye faili, nyumbani nilikuwa naigawa kwa vijiti.

Asubuhi nilipelekwa kliniki ya macho. Wakaniwekea matone ya pilokapini, yale wanayopewa wenye presha ya macho, yanabana mboni. Kama tatizo lingekuwa kwenye mshipa wa fahamu, mboni ingebana. Yangu haikutikisika, imefungwa na dawa. Ikarudi yenyewe polepole, siku ya sita nikasoma tena gazeti bila taabu.

Lakini usiku ule, nilipokwisha kujua kwamba sifi, furaha haikufika hata dakika tano. Nilimkumbuka mjukuu wa mama mwenye nyumba. Ana miaka sita. Kila jioni anaokota yale maua, anayavisha vidoleni, mengine anayaweka mdomoni anapuliza, tarumbeta. Mara ngapi nimempita nikacheka naye? Na kijiti kimoja nilikipeleka chekechea kule Ilomba, mwalimu akakipanda karibu na bembea.

Kuongea na mama mwenye nyumba ilikuwa kazi. Nilikwenda jioni, jicho bado limefungwa bandeji ya kuzuia mwanga. Shikamoo, marahaba mwanangu, pole na jicho, ndaga. Nikaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiweka mapajani. Kisha akasema, "Mti huu aliupanda baba yenu mwaka tulioezeka nyumba. Watoto wangu watano wamekulia chini yake. Mbona hakufa mtu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema, mama, ni bahati, na bahati ya watu watano mimi siwezi kumwekea huyu wa sita.

Akanyamaza sana. Akasema mzee alikuwa anakaa pale na redio yake kila jioni mpaka taarifa ya habari iishe. Alipougua na kulala ndani, aliomba dirisha liachwe wazi kwa ajili ya ile harufu. "Sasa unataka niikate."

Nilitamani kusema hapana, basi tuache. Kweli kabisa. Kuna wanaosema weka uzio, wafundishe watoto, kila bustani ina sumu yake. Ni kweli pia. Hata huu mti unaoitwa malkia wa usiku ni sumu, mnyaa wa uani kwa mama yangu ni sumu. Kwenye nyumba ya watu wazima watupu mimi nisingegusa. Ila mtoto anayeweka ua mdomoni kila siku huwezi kumwekea uzio mdomoni.

Aliukata mwenyewe baada ya siku tatu. Hakuniita. Nilirudi kazini nikakuta kisiki, na matawi amemwita kijana akayafukia kwenye shimo refu, kama nilivyomwambia, siyo kuchoma, siyo kulishia mbuzi. Pale kwenye kona nimemwekea ndoo yangu ya asumini, ile ya Tanga. Juzi imetoa maua mawili. Amesema inanukia vizuri, ila siyo hiyo.

Kwa wenye mti huu nyumbani na watoto: mtoto akila au akinyonya ua, au ukaona ghafla ana mboni kubwa, amewiva uso, mdomo mkavu, anahangaika na kuongea visivyoeleweka, usimpe maziwa, usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Mbebe, chukua na kipande cha ule mmea kwenye mfuko, kimbia hospitali, na sema wazi amekula nini. Hicho kipande kitatuokolea muda mwingi kuliko maelezo. Ukipogoa, vaa glavu, nawa kwa sabuni, na jicho usiliguse.

Sasa vijiti vyangu. Nimezunguka wiki tatu. Majirani watatu wa mtaani kwetu wameng'oa. Wenzangu wawili wa kazini wameng'oa, mmoja kwa kunitania mpaka leo. Uyole umeng'olewa. Dada wa Sae alikuwa na viwili, ameng'oa vyote, nimempa mrihani. Chekechea nilikwenda mwenyewe na jembe. Kilikuwa kimeshanizidi magoti, mwalimu alikuwa amekizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo ni tisa.

Viwili bado. Wewe dada tuliyekutana stendi ya Kabwe mwezi wa tano, ulikuwa na sweta la kijani na mtoto mgongoni, unakwenda Iringa kwa mama mkwe wako. Nilikufungia vijiti viwili kwenye gazeti bichi na mfuko wa mkate. Ulisema mtavipanda karibu na mlango ili harufu iingie ndani. Sikuchukua namba yako. Kama vimeshika, mpaka sasa vitakuwa vinakaribia kiuno, na yule mtoto atakuwa anatembea. Tafadhali niandikie, au anayemfahamu amfikishie. Nakutumia asumini kwa basi, nauli ya mzigo juu yangu, nimeshaiotesha mizizi, ipo hapa dirishani inakusubiri.