Barabara ya Kirinyaga: Nunua usafi kabla ya mng'aro

UKITOKA mzunguko wa Globe jijini Nairobi na kuifuata barabara ya Kirinyaga hadi upande wa Racecourse, huna haja ya kuuliza kinachouzwa huko. Harufu ya mipira mipya, grisi na rangi ya kupuliza itakueleza mapema. Kushoto na kulia ni vipuri vitupu: taa, bampa, betri, vioo vya pembeni, na matairi yaliyorundikwa hadi kwenye njia ya wapita njia. Vijana watakuita kabla hujafika mlangoni: "Karibu kastoma! Ni ya gari gani?"

Enzi za ukoloni barabara hii iliitwa Grogan, kwa heshima ya Ewart Grogan, mlowezi aliyevuma kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, iliyokamilika mwaka wa 1900. Jina lilibadilishwa lakini halikufa. Hadi leo mafundi wengi wakikwambia kipuri kinapatikana "Grogan" wanamaanisha hapa na vichochoro vilivyo karibu.

Pengine wewe, msomaji, hujaja kutafuta kipuri. Familia yako imenunua gari lake la kwanza, nawe umetumwa kuleta vitu vya kulisafishia. Au wewe ni mwanafunzi unayetaka kuosha magari ya majirani wakati wa likizo upate nauli na pesa za vitabu. Utaingia dukani na kukuta rafu nzima ya chupa nyekundu, buluu, kijani na waridi. Kila moja inaahidi kulifanya gari ling'ae kama lililotoka kiwandani leo. Hapa ndipo wengi wanaoanza hupoteza pesa, na mara nyingine hupoteza rangi ya gari pia.

Ushauri wa makala haya ni mmoja tu: usinunue kinachong'arisha kabla ya kununua kinachosafisha bila kukwaruza.

Nyembamba kuliko unywele

Magari mengi yanayoingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa ni yale yaliyokwisha kutumika, hasa huko Japan. Sheria hairuhusu kuagiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Ina maana kwamba gari "jipya" la familia yako huenda likawa limekwisha kupigwa jua na kusuguliwa kwa miaka saba kabla hujaliona.

Juu ya rangi ya gari kuna tabaka jingine lisilo na rangi, linaloonekana kama kioo. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linaloikinga rangi yenyewe na jua. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40, yaani ukiigawanya milimita moja mara elfu, ni vipande 40 tu. Unywele wa kichwani mwako aghalabu ni mnene kuliko hivyo.

Sasa fikiria vumbi la Nairobi. Ndani yake mna chembe za mawe zilizo ngumu kuliko rangi. Ukichukua kitambaa kikavu na kulifuta gari asubuhi kabla ya kwenda kazini, unazisaga chembe hizo juu ya lile tabaka. Alama hazionekani siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa, simamisha gari juani na utaona mistari myembamba imezunguka kama utando wa buibui. Hakuna chupa ya kurudisha tabaka lililokwisha. Likiisha, dawa ni kwa fundi wa rangi, na siku ya kuliuza gari mnunuzi mwenye macho atajua lilipakwa upya na kukushushia bei.

Kikapu cha mwanzo

Basi ununue nini? Anza na vitu vitano, na vyote vinapatikana bila kutoka mbali na eneo hili.

Kwanza ni ndoo mbili. Moja ni ya maji ya sabuni, nyingine ni ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu moja. Ndoo ya pili ndiyo inayouondoa mchanga usirudi kwenye gari. Za plastiki zinatosha, au uende Kamukunji kwa mafundi wa jua kali ukapate za bati.

Pili ni shampuu ya gari. Muuzaji akikupa sabuni ya vyombo au ya kufulia, irudishe kwa heshima. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kuondoa mafuta ya sufuria, na haitofautishi mafuta ya nyama na nta inayoikinga rangi yako. Sabuni ya kipande nayo ni kali zaidi na huacha utando. Shampuu ya gari haina ukali huo na huteleza, hivyo uchafu hubebwa badala ya kusagwa. Soma kipimo kwenye chupa. Ukizidisha, unaongeza kazi ya kusuuza tu.

Tatu ni glavu laini ya kuoshea, ile yenye manyoya au vishada. Sponji bapa hushika mchanga usoni mwake na kuuburuta.

Nne ni vitambaa vya mikrofaiba vya kukaushia, angalau vinne. Hivi vimefumwa kwa nyuzi nyembamba mno, hunyonya maji upesi na hushika uchafu ndani. Kata lebo iliyoshonwa pembeni, kwa sababu nayo hukwaruza. Kikianguka chini, kisiguse rangi tena kabla hakijafuliwa.

Tano ni nta ya kawaida ya kupaka kwa mkono, kwa siku ambayo gari ni safi kabisa.

Kwa magurudumu na rimu, usitumie vitambaa hivyo. Vumbi la breki lina chembe za chuma. Nenda Gikomba ukachukue fulana kuukuu za pamba za bei ya chini, uziweke alama, na zisivuke mpaka kupanda kwenye bodi.

Chupa zinazovutia macho

Maneno mawili huwachanganya wengi wanaoanza: polishi na nta. Katika maduka mengi hutamkwa kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe kazi zake ni kinyume. Polishi ya rangi, pamoja na ile kali zaidi ambayo mafundi huiita kompaundi, ina chembe za kusugua. Huondoa mikwaruzo kwa kupunguza lile tabaka la juu. Nta haiondoi kitu. Hufunika na kukinga. Kwa hiyo polishi ni dawa ya kutumia kwa nadra na kwa sababu maalumu, ilhali nta ni kama mafuta ya kujipaka baada ya kuoga. Anayeanza asiguse kompaundi, wala asimruhusu kijana wa kuosha magari aipitishe kila mwezi "ili gari ing'ae".

Nta inayosifiwa sana ni ile ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa Brazil wa jamii ya mnazi. Hung'aa vizuri, lakini kwa jua letu hudumu wiki chache. Ile ya kutengenezwa viwandani haivutii macho sana ila hudumu miezi. Ukitaka kujua kama nta ingalipo, mwagia gari maji. Yakijikusanya kama matone juu ya jani la nduma, ingalipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha.

Kuna pia ile inayoitwa keramiki. Inadumu, lakini chochote kilichokuwa kwenye rangi siku ya kuipaka, mikwaruzo na yote, hufungiwa chini yake. Ingoje hadi mkono wako uzoee.

Jihadhari pia na mafuta ya kung'arisha dashibodi. Yale yanayometameta huakisi jua kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha siku nyingi. Usafishaji wa vioo nao una sharti lake: kama madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, epuka dawa yenye amonia, maana huiharibu.

La mno, kataa mafuta taa na dizeli. Baadhi ya waoshaji huyapuliza chini ya gari na kwenye matairi ili yaonekane meusi. Weusi huo ni wa siku mbili, ilhali mafuta hayo huulainisha na kuuvimbisha mpira, nao huanza kuoza.

Chupa isiyo na jina

Hatua chache kutoka Kirinyaga, upande wa River Road, utapata sabuni ya maji inayouzwa kwa mtungi, haina lebo, na bei yake inafurahisha. Nyingi hutengenezwa kwa kuchanganya tindikali na magadi makali. Vipimo vikiwa sawa, ni sabuni nzuri ya sakafu. Vikikosewa, inabaki kali upande mmoja au mwingine, na hakuna lebo ya kukuambia ni upande upi. Mikono yako itajua kabla ya gari.

Kwa hivyo tafuta chupa yenye jina la mtengenezaji, maelezo ya matumizi, na alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Tazama kizibo kama kimefunguliwa. Kisha zungumza bei bila haya, kwani huku bei ya kwanza ni salamu tu. "Mama, hiyo ni ya mwisho," atakwambia. Geuka kama unayeondoka, uone kama kweli ni ya mwisho.

Kila mahali na uchafu wake

Kabla hujalipa, fikiria gari lako linaishi wapi, kwa sababu uchafu wa nchi hii si mmoja. Wakazi wa Embakasi na Syokimau wanaujua udongo mweusi unaonata kama gundi mvua ikinyesha. Huo usiusugue; ulowe kwanza, ulainike, uondoke na maji. Wanaoegesha chini ya mijakaranda watayakuta maua yamegandamana kwenye boneti kufikia Oktoba. Kinyesi cha ndege nacho kina tindikali, na jua likikipiga hula rangi. Kitambaa kilicholowa maji, kikiachwa juu yake dakika chache, hukiondoa bila vita.

Na wanaokwenda Pwani mwezi wa Desemba hurudi na mambo mawili: vumbi jekundu la Voi mwilini mwa gari, na chumvi ya bahari chini yake. Vumbi linaonekana, na ndilo linaloshughulikiwa. Chumvi haionekani, na ndiyo inayoleta kutu. Ukirudi, sehemu ya kwanza kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi ni chini ya gari na ndani ya mabawa ya magurudumu.

Maji yaendako

Nyuma ya barabara ya Kirinyaga hupita Mto Nairobi, na ukingoni mwake si ajabu kukuta magari yakioshwa. Mto huo huingia Athi, na Athi, ikiitwa Galana na kisha Sabaki, humwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Mafuta yanayomwagwa Ngara yana safari ndefu mbele yake, na njiani kuna wanaochota na wanaonywesha mifugo.

Aidha, sehemu kubwa ya maji ya jiji letu hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, nasi sote tunaujua mgao. Mpira ulioachwa wazi robo saa humaliza maji mengi kuliko ndoo tano. Ndoo zako mbili zinatosha, pamoja na mtungi mmoja wa kusuuzia. Anza mapema jua halijawa kali, kivulini, kutoka juu kwenda chini. Gari la moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza, na alama hubaki.

Kwa wewe mwanafunzi, ukianza kazi hii mtaani, vitu hivi vitano ndivyo mtaji wako. Mteja hatakusifu siku ya kwanza, kwa sababu gari la jirani lililopakwa mafuta litang'aa zaidi. Mwombe alitazame tena juani baada ya mwaka mmoja.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utakapopita Kirinyaga na chupa ya rangi ya waridi ikatembezwa hadi puani mwako, muulize anayeiuza swali moja tu: "Ndugu yangu, hii inaondoa uchafu, inasugua, au inafunika?" Akishindwa kujibu, mshukuru, uende duka linalofuata. Maduka hayajaisha.